Dobi

Saa kumi na moja alfajiri, Makete, mwezi Julai,
maji ya pipa yamefanya utando wa barafu.
Nauvunja kwa kopo
kama anayebisha hodi kwa jirani mwenye kisirani.
Sala yangu ya kwanza ni hii: Bwana, vidole.
Sina zaidi. Meno yanagongana,
Amina inafika kwake vipande vitatu.

Shuka za usiku zinanisubiri kwenye beseni,
zimeviringwa, zimejaa habari.
Faili la daktari silisomi,
lakini namjua aliyevuja damu, aliyetokwa jasho la homa,
aliyeuma pindo ili mama mkwe, nje ya wodi,
asisikie akilia.
Damu hutaka maji baridi.
Wasichana wa siku hizi hukimbilia ya moto,
damu ikaiva, ikahamia humo moja kwa moja.
Baridi, chumvi, subira:
hilo halikuwamo katika mafundisho ya kipaimara.

Jumapili moja Mchungaji Ndelwa alisema,
wenye huduma wasimame tuwaombee.
Ikasimama kwaya na majoho yake ya zambarau,
wakasimama wazee wa kanisa, mwinjilisti,
mtunza hazina, daftari kwapani.
Nikatazama viganja vyangu, vimekunjamana
kama viazi vilivyosahauliwa darini.
Nikabaki nimekaa. Benchi lilikuwa na nafasi,
sikulalamika.

Uongo. Nililalamika njia nzima
mpaka kwenye ngano ya akina Sanga,
na mbwa wao akanisikiliza.

Mwezi wa nane Mchungaji akalazwa. Tumbo.
Siku nne shuka zake zilikuja kwangu
na mambo ambayo mtu hayatazami
hata yakiwa ya baba yake mzazi.
Nikawakumbuka wale ndugu wawili
walioingia hemani kinyumenyume,
nguo mabegani, nyuso zimegeuka.
Nikafua usiku, kwa mwanga wa kandili,
nikaanika nyuma, upande wa miwati,
wapita njia wasipate cha kuhesabu.
Muuguzi Abela akachungulia:
“Twilumba, za nani hizo?”
“Za mgonjwa.”

Kisha pasi. Mkaa ulikuwa mbichi, unatema cheche,
moshi ukaniliza bila msiba.
Nikakunja, kona juu ya kona.
Nani atajua? Godoro halina mdomo.
Lakini nilimfikiria Yule
aliyeamka kaburini asubuhi ile,
na kabla hajasalimiana na mtu
akakizongazonga kitambaa cha kichwani,
akakiweka mahali pake, peke yake.
Dunia nzima inamngoja nje,
mauti iko chini, haijapata pumzi,
na Yeye anakunja nguo.
Nikaifungua ile shuka ya mwisho,
pindo lilikuwa limekwenda upande.
Nikaikunja upya.

Mchungaji alipopona alitoa shukrani madhabahuni:
daktari, wauguzi, mtu wa maabara,
hata dereva aliyemrudisha nyumbani na matope yale.
Akameza mate, akaendelea na matangazo.
Nikacheka ndani ya mtandio,
kidogo tu, kama birika linalokaribia kuchemka.
Kulikuwa na uchungu humo, sikatai.
Ila haukuwa mwingi kama wa Julai.

Mlangoni tukapanga foleni kumsalimu.
Akaushika mkono wangu, akashtuka:
“Mama, mbona mikono ina baridi hivi?”
“Ni kazi, Mchungaji.”
Hakuuachia upesi.
Alikuwa kama anatafuta neno,
au labda alisikia harufu ya jiki,
ile ile iliyomlaza siku nne.

Sikungoja alipate.
Juu ya Kitulo wingu lilishafunga,
zito, la rangi ya sufuria,
na shuka arobaini za wodi ya wazazi
ziko kambani.
Chai ya ushirika niliwaachia wenzangu.
Nilikimbia, viatu mkononi.